Mtawa aliyerudi kulea

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hapa Izia. Mbele yangu alisimama jirani yetu mmoja, amembeba binti yake mgongoni kwa kitenge. Jirani huyo alikwenda India kusoma, akaingia utawa wa Kihindu, akanyoa kichwa na kuvaa joho la rangi ya chungwa kwa miaka mingi. Mwishowe alimuaga mwalimu wake, akarudi nyumbani, akaoa.

Mzee mmoja akamcheka mbele ya watu. "Ulimwacha Mungu kwa ajili ya mwanamke. Na huyo mtoto ndiyo dhambi yenyewe!"

Jirani alitua debe lake la ulezi.

"Mzee, shikamoo yangu umeshaipokea, sasa nisikilize. Kule niliamka alfajiri kumwomba Mungu. Hapa naamka alfajiri kumpikia huyu uji. Mimi nitukane utakavyo, lakini mwanangu usimwite dhambi!"

Mzee akageukia ukutani.

Hasira yangu haijapoa. Mji huu umejaa wanaume waliotelekeza watoto huko vijijini, Kate na Milepa, na kanisani tunawapisha viti vya mbele. Huyu aliyerudi kulea ndiye tunayemtaka atubu.