Jina Nililoliweka Akiba

Mimi ni mtu wa hasira, kila anayenifahamu atakwambia. Lakini hasira yangu kubwa naiweka kwa mtu mmoja tu, fundi cherehani fulani wa mtaa wa Nyamirambo aliyejiona amefika kabla hajafika. Nikimsema vibaya mnivumilie, maana fundi huyo ni mimi.

Mwaka 1990, vita vilipoanza kule mpakani, nilikuwa na cherehani moja ya miguu kwenye baraza ya watu. Kufikia mwanzo wa 1994 nilikuwa nazo tano, chumba changu chenye mlango wa chuma, na wanawake wanne wananishonea. Na hiyo ilikuwa miaka gani? Miaka ya maguruneti sokoni, ya vizuizi barabarani, askari anakunyooshea mkono anataka kitambulisho, na changu kimeandikwa Mtutsi. Watu wenye akili zao walipunguza mambo. Mimi niliyaongeza. Nilijiambia kwamba nikiwa mtu mkubwa mjini hakuna atakayenigusa. Mjinga mimi!

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, mkulima, anakaa kijijini Gahanga na mke wake. Mama yetu alifariki yeye akiwa mdogo hata hajui kufunga kifungo cha shati, nikamlea mimi. Kwa sababu hiyo baba, alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho, alisema mbele ya majirani kwamba mtoto wa kwanza wa kijana huyu atapewa jina na shangazi yake. Kwetu jambo hilo halina mzaha. Mtoto anapofikisha siku nane, mama yake anamtoa nje. Watoto wa majirani wanaitwa, wanalimishwa kidogo pale uani kwa kuigiza tu, kisha wanakalishwa kwenye majani ya mgomba kula maharage, na kila mmoja anataja jina analomtakia mtoto. Watu wanacheka sana, maana watoto husema lolote. Mwisho anasema yule mwenye haki ya kusema, na mtoto anakuwa na jina.

Mwanzoni mwa Machi mdogo wangu akaja karakana, matope mpaka magotini, meno yote nje.

“Dada, ni msichana! Ana paji lako la uso, masikini.”

Tulicheka mpaka wanawake wangu wakasimamisha cherehani. Nikamkumbatia na matope yake yote. Kisha akaniuliza kama nitafika siku ya nane, na mimi nikatazama marobota ya kitambaa nyuma yake. Shule moja ilikuwa imeniagiza sare, kaptula za kaki za wavulana na magauni ya bluu ya wasichana, zote ziwe tayari muhula utakapofunguliwa baada ya Pasaka. Nilikuwa sijawahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Nikamwambia wiki ijayo.

Wiki iliyofuata akarudi. Nikamwambia wiki ijayo.

Mara ya tatu hakucheka. Alikaa kwenye benchi akanywa chai yangu, akasema mama mtoto hajamtoa nje bado, anasubiri, na majirani wameanza kuuliza. Mtoto wanamwita “kidogo” tu. Halafu akaniomba kitu ambacho nakisikia mpaka leo.

“Basi kama huna nafasi, dada, niambie hilo jina nilipeleke mimi. Wifi yako hatakasirika.”

Jina nilikuwa nalo! Nilikuwa nalo tangu siku ile ya kwanza, nalisema moyoni nikikata kitambaa. Ningefungua mdomo tu, angetoka nalo pale, na jioni ile ile mtoto angelala ana jina lake. Lakini nilijivuta juu kama bibi arusi, nikamjibu kwamba shangazi hampi mtoto jina kupitia kwa mtu. Nitakuja mwenyewe. Nitakodi gari, nitaleta kreti mbili za bia, na kitenge kipya cha mama mtoto. Na kibao changu cha duka kitakuwa kimeshachorwa, watu wa Gahanga wajue huyu shangazi ni nani.

“Wifi yako anasema njoo hata mikono mitupu,” akasema. “Kapu la maharage analo, ameliweka kwa ajili ya siku hiyo. Tukae tu, dada. Tule, tucheke. Mara ya mwisho umekaa nasi lini?”

“Baada ya Pasaka,” nikamwambia, nikakanyaga cherehani ili anione nina kazi.

Baadaye nilipenda kusema vizuizi ndivyo vilivyonizuia. Uongo. Jumapili zile barabara ilikuwa wazi. Ni taksi mpaka Kicukiro, kisha mwendo wa miguu, na mchana ningekuwa nimeshika mtoto. Jumapili ya Pasaka yenyewe sikwenda hata kanisani, nilikuwa nashona vifungo. Nakumbuka nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilikuwa na furaha kweli, nahesabu magauni yaliyobaki.

Jumatano baada ya hapo ndege ya rais ikaangushwa, na asubuhi wakaanza kutuua.

Mimi niliokolewa na jirani yangu, fundi mwenzangu, Mwislamu mzee niliyekuwa nikigombana naye kila siku kwa sababu ya kivuli cha baraza. Alinipandisha juu ya dari yake, akanifunika kwa kitambaa cha kaki kilichotoka dukani kwangu. Watu waliovunja duka langu, ukuta wa pili, walichukua cherehani zote tano. Nilizisikia zikiburutwa sakafuni na sikujali hata kidogo. Nilikuwa nalala pale juu nikirudia jina la mtoto kwa midomo bila sauti, nikimwambia Mungu aniache nikalipeleke, basi, baadaye afanye anavyotaka.

Julai, mauaji yalipokoma na njia zikapitika, nilikwenda Gahanga kwa miguu, mikono mitupu. Nyumba haikuwa na paa wala mlango. Mama mmoja jirani, mzee, ndiye aliyebaki kunieleza. Waliuawa wote watatu juma lile la kwanza, mdogo wangu akiwa mlangoni, mkewe na mtoto ndani. Mtoto alikuwa hajatolewa nje. Mama yake alikuwa bado ananisubiri.

“Lile kapu la maharage nililichukua mimi,” akasema yule mama, anatazama chini. “Njaa ilikuwa kali. Unisamehe.” Nikamwambia nashukuru kwamba ameyala yeye. Nilitaka kulia na sikuweza.

Tulipowatoa shimoni walikotupwa na kuwazika vizuri, pamoja na majirani wengine wengi, palikuwa na mwalimu mmoja anaandika majina ya waliouawa kwenye daftari la shule. Kila mtu alimtajia wa kwake. Zamu yangu ilipofika nikasema jina la mdogo wangu, akaandika. La mke wake, akaandika. Akauliza kama kuna mwingine. Yule mama jirani akajibu kwa niaba yangu, taratibu, kwamba kulikuwa na mtoto mchanga ila hakuwa na jina.

“Analo,” nikasema.

Nikalitaja. Mwalimu hakusikia vizuri, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti, watu wote wakageuka.

Akaliandika chini ya majina ya wazazi wake. Kisha akauliza nani alimpa mtoto jina hilo, ili aandike na hilo, nikamwambia shangazi yake. Akauliza, lini? Nikamwambia, sasa hivi.