Boksi Nililokataa Lifunguliwe

Mwenye duka aliniomba tuifungue ile kompyuta pale pale kaunta tuiwashe, nami nikakataa. Kwa miezi minne nilisema kinyume chake. Nyumbani, chuoni ninakofundisha, hata kwa jirani aliyekuja kuazima ungo, nilieleza kwamba yule bwana ndiye aliyegoma kufungua boksi.

Songea mtu hatoki dukani na kitu cha umeme bila kukijaribu. Balbu inachomekwa kwenye ubao wa kaunta mpaka iwake, pasi inaguswa kwa kidole chenye mate, redio inafunguliwa mpaka duka la pili wasikie. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Lakini siku ile nilikuwa nanunua kompyuta mpakato ya daraja la juu, ambayo hata boksi lake lilinukia usomi, na nyuma yangu walisimama akina mama wawili ninaoimba nao kwaya.

"Nikufungulie uikague, mama," alisema mwenye duka, mtu wa Kigoma, mpole, kalamu sikioni.

"Iache hivyo hivyo."

"Ndiyo utaratibu wetu. Mteja aone ikiwaka."

"Kwani nanunua balbu?"

Akina mama wakacheka. Nikatoka na boksi langu ndani ya nailoni yake, natembea kama mtu aliyeteuliwa.

Nailoni niliichana sebuleni mbele ya mume wangu. Kioo kilipowaka, kona ya chini kushoto ilikuwa na doa la rangi ya waridi lililojitokeza kila nilipofungua ukurasa mweupe, na mwandishi kama mimi hana kurasa nyingine. Mume wangu akauliza lile ni nini. Nikamwambia za siku hizi ndivyo zilivyo. Tundu la flashi lilikaa upande, flashi ikawa inaingia kwa kulazimishwa. La chaji halikupitisha umeme mpaka waya uinuliwe kwa chini. Nikauinua kwa gunzi la hindi, kwa kuwa unene wake ulikuwa ndio hasa uliotakiwa.

Wa kwanza kuliona gunzi ofisini alikuwa mwalimu wa hesabu, Mhehe, mtani wangu, kwa hiyo mdomo wake hauna breki.

"Mngoni, hiyo inatumia umeme au mahindi?"

"Inatumia akili, ndiyo maana huijui."

"Na dukani hukuiwasha? Msomi mzima?"

"Alikataa kufungua," nikasema. "Si unawajua wafanyabiashara."

Ofisi nzima ikanisikitikia, na kusikitikiwa kuna utamu wake. Wiki iliyofuata mwalimu mmoja aliyetaka printa akalipita lile duka. Kisha mwingine. Nikajiambia biashara siku hizi ni ngumu kwa kila mtu.

Hatimaye gunzi lilinichosha, nikairudisha kompyuta. Mwenye duka aliiwasha, akainama kuangalia matundu, hakubisha.

"Hili ni kosa la kiwandani, mama. Naituma Dar kwa wakala mkuu. Ila watakupigia." Akanieleza kanuni yao: mashine mbovu ikitoka bila kujaribiwa, hasara ni ya aliyesababisha isijaribiwe. Kama ni muuzaji, atamlipia mteja nyingine mpya kutoka mfukoni mwake. Kama ni mteja, atabaki na ubovu wake.

Hakuniuliza nitajibu nini. Bila shaka alikwishasikia ninayoyasema, maana mji wetu si mkubwa kiasi hicho. Alinisindikiza hadi mlangoni na kunitakia kazi njema, jambo lililoniudhi sana.

Kwa siku kadhaa nilitayarisha jibu. Chuo kikuu nilisoma mantiki na nikafaulu vizuri, basi nikatengeneza sentensi isiyo ya uongo na isiyosema kitu: boksi halikufunguliwa. Niliipenda. Niliirudia nikipika ugali.

Simu ilikuja saa nne, muda wa chai, walimu wote wamekaa na mihogo yao. Alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mwenye orodha ndefu mbele yake.

"Ni mama mwenye kompyuta ya Songea?"

"Ndiye." Mtani wangu akaacha kutafuna.

"Ubovu wa kioo na matundu tumeuthibitisha. Nina swali moja tu. Muuzaji alikuomba muijaribu dukani?"

"Boksi halikufunguliwa," nikasema.

"Hilo tunalijua, mama. Nauliza kama alikuomba."

Nilitazama muhogo wangu. Ningeweza kutoka nje na simu, na miguu ilikwishaanza kusogea.

"Aliniomba," nikasema. "Mimi ndiye niliyekataa."

"Ulikuwa na sababu?"

"Sikuwa nayo."

Nilimsikia akiandika. "Sawa, mama. Basi tutairudisha kama ilivyo. Ipokee stendi Alhamisi."