Sharti la Ukuta Uliosimama

Watu wa bara hushangaa nikiwaeleza tulivyokaa Kisauni: nyumba yako, ardhi ya mwingine. Mama alijenga kwa boriti na udongo kwenye kiwanja cha tajiri mmoja wa mjini, akawa analipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Maadamu nyumba ilisimama, hakuna wa kumwambia ondoka. Ikianguka, haki yake imeanguka nayo. Mama alikuwa mjane, na ile nyumba ndiyo mali yake pekee duniani.

Miaka ya tisini ikaja ile mvua kubwa, maji yakajaa bondeni kwetu. Yalipopungua tulikuta ukuta wa mbele umesimama, na nyuma yake boriti tupu zilizovuliwa udongo. Jirani yetu seremala hakubakiwa hata na fito moja. Mkewe hajatoka arubaini, amejikunja na kichanga pembeni mwa madrasa, mkeka umelowa.

Ijumaa baada ya swala tukaitwa mkutanoni hapo hapo madrasa. Palikuwa na afisa wa baraza la mji, wakili wa mwenye ardhi, na kamati ya mtaa ambayo mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa katibu wake. Mpango haukuwa mbaya: sehemu ya chini iachiwe maji, sote tupewe viwanja vipya juu, na njia pana ya kupitia gari la wagonjwa. Tatizo lilikuwa nani apewe. Wageni walikwisha anza kusimika mabati ili nao waitwe wenyeji.

Basi nikasimama mimi, na ulimi wangu mwepesi. Nikasema apewe kila mwenyeji ambaye nyumba yake ina ukuta uliosimama, hesabu ifanywe Jumatatu. Wakili akafurahi, kamati ikaitikia. Nisijifanye malaika: nilikuwa nimekwisha uangalia ukuta wetu. Seremala nilimkumbuka nilipokwisha kukaa, nikanyamaza.

Jumapili nilirudi kutoka kumtazama shangazi huko Bombolulu nikakuta boriti zetu ziko kwa seremala. Mlango wetu pia. Wanaume walikuwa wanakandika udongo, na mwenye kuwaamrisha alikuwa Mama, leso kafunga kiunoni. Ukuta wetu, ulipokosa cha kuushika, ulikuwa umelala chini.

"Mama, umefanya nini?"

"Boriti zatosha nyumba moja tu, mwanangu. Mzazi mwenye kichanga hakai kwenye maji."

Nilimkasirikia vibaya sana. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mamake, na yeye akaendelea kumwelekeza mtu pa kutia udongo.

Jumatatu nilizunguka na afisa, daftari mkononi. Kwa seremala tuliandika nyumba. Mbele ya kifusi chetu afisa akauliza hapa pana nini. Seremala alikuwa mlangoni pake, mlango wa Mama, na nilimwona anafungua kinywa. Nilimwomba Mungu aseme. Lakini angesema nini? Angesema nyumba ni ya yule mama, na mkewe na kichanga ndio wangerudi kwenye mkeka.

Mama akamtangulia. "Hapana nyumba hapa, bwana. Ilikuwapo."

Afisa akanigeukia mimi, katibu. Nikaandika kuwa hapana.

Tukahamia Mikindani, chumba kimoja cha kupanga, choo cha shirika na wapangaji wengine. Seremala alikuja kila Idi na sinia ya vyakula, hakuweza kumtazama Mama usoni. Mama hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mwaka wa mwisho wa uhai wake, nikimpaka mafuta miguu, nilimuuliza kwa nini siku ile hakuniambia kabla ya kuzitoa zile boriti.

"Ungenikataza," akasema. "Nami ningekusikiza."