Nilimdanganya mke wangu kwamba kidude kinapunguza mafuta, sasa baba mkwe amekiamini

Admin, nakuomba ufiche jina langu na hata aina ya gari langu, maana mke wangu anafuata ukurasa huu na huwa ananisomea visa vya watu wakati wa kula. Hiki naomba asikitambue mapema.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto wawili, tunaishi Kimara. Nafanya kazi stoo huko Temeke, mke wangu ni mwalimu. Asubuhi tunatoka pamoja kwa gari letu dogo, namshusha shuleni kwake, mimi naendelea. Pale nyumbani mimi ndiye mjuaji. Kitu kikiharibika naulizwa mimi, na hata nisipojua najibu hivyohivyo. Nalisema hili mwanzoni ili mjue mnamshauri mtu wa aina gani.

Miezi michache iliyopita niliona mtandaoni kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kina kitaa cha kijani. Muuzaji alisema kinapunguza mafuta nusu kwa nusu. Nikaagiza bila kumuuliza mtu. Mke wangu alipokiona aliniuliza swali moja tu: "Kama hiki kinafanya kazi, mbona waliotengeneza gari hawakukiweka wenyewe?" Badala ya kumjibu nikapandisha sauti. Nikamwambia wenye magari na wenye mafuta lao moja, na kwamba mambo ya injini atuachie wanaume. Niliyasema hayo mbele ya mdogo wake aliyekuja kututembelea. Nikamalizia kwamba ikifika Jumapili ataniomba radhi mwenyewe.

Alhamisi mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka palepale unaposhuka siku zote. Kitaa kinawaka vizuri sana, na mafuta yanaisha. Nikakichomoa, nikakichomeka upya. Nikaendesha taratibu kama nimebeba trei za mayai. Nikazima kiyoyozi kwenye foleni hadi shati likalowa. Wapi. Ijumaa nikitoka kazini nikapita sheli moja iliyo mbali na kwetu, nikaweka mafuta kwa hela yangu ya chakula cha mchana. Nilijiambia ni mara hiyo tu, nisije nikaumbuka.

Jumapili mke wangu akachungulia mshale. Akanigeukia, akasema, "Nisamehe mume wangu, nilikudharau." Jamani, radhi ile niliingoja wiki nzima, na nilipoipata nilitamani ardhi inimeze. Pale ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikatabasamu, nikamwambia hamna shida.

Tangu hapo naweka mafuta kwa siri. Wenzangu wakienda kula nasingizia tumbo. Mke wangu naye ananisifu kwa kila mtu, shuleni kwake, kwa majirani, na mwisho akanisifu kwa baba yake.

Baba mkwe anaishi Mbagala. Amestaafu, ana gari analobebea watoto wa shule, na hiyo ndiyo riziki yake yeye na mama mkwe. Alinipigia mwenyewe kuniuliza. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu nikamwambia, "Baba, kinafanya kazi, hata mimi nashangaa." Mdomo wangu huu huu. Akanunua. Kwa kuamini atatumia nusu ya mafuta, akawapunguzia wazazi nauli ya muhula mzima. Ahadi ameshatoa, na si mtu wa kurudi nyuma kwenye neno lake.

Juzi akanipigia tena. Tangu nimuoe binti yake, mzee huyu hajawahi kuniomba kitu. Safari hii alikuwa anaongea kwa sauti ya chini. "Mwanangu, kwangu mie hakishiki. Gari linakunywa vilevile, hela ya watoto yote inaishia sheli. Nadhani mie ndo sijui kukitumia, uzee huu. Njoo unielekeze, ila usimwambie mkeo, atanicheka."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mwongo ni mimi, anayeona aibu ni yeye. Nilimjibu kwamba nitakuja Jumapili, nikakata simu, nikabaki nimekaa kwenye gari pale stoo kama mgonjwa.

Siri yenyewe haikukaa. Mama mkwe amemweleza mke wangu, na jana nimerudi nikamkuta anakichomoa kile chetu. Amekifuta vumbi, amekifunga kwenye kitambaa. Akaniambia, "Jumapili tumpelekee baba hiki. Cha kwake wamemuuzia feki, chetu ndo kinafanya kazi." Nikashindwa hata kumtazama. Sasa kipo juu ya kabati, kila nikipita nakiona.

Nikisema ukweli, mke wangu atajua nilimfokea bure na nikaipokea radhi yake bila haya, na sijui nitamtazama vipi baba yake. Nikinyamaza, mzee atamaliza muhula akibeba watoto wa watu kwa hasara, huku akijilaumu uzee. Nimewaza nimlipie mafuta kimyakimya kama ninavyofanya kwangu, lakini huo si uongo uleule?

Wakubwa kwa wadogo, naomba mnisaidie kabla ya Jumapili. Nimwambie mke wangu kwanza, au niende Mbagala peke yangu nikapige magoti kwa mzee? Matusi tumeni, nayastahili. Na wewe mke wangu, kama umefika hadi hapa na umeshajua ni mimi, naomba usimpelekee baba kile kidude. Ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.