Nyoka wa Mwalimu

Watu wa boma la marehemu mume wangu walikuwa na dawa moja tu ya nyoka: kumpiga kichwa mpaka kiwe uji, kisha kummwagia mafuta ya taa na kumchoma. Hawakuuliza ni nyoka gani. Kwao nyoka alikuwa nyoka, kama vile mjane alivyokuwa mjane. Mimi nilikuwa nauliza, na kwa kuuliza huko nilichukiwa kuliko nyoka wenyewe. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani naandika kwa upole, maana upole kwa watu wale niliumaliza zamani.

Nilikuwa nafundisha baiolojia katika shule moja ya upili huko upande wa Shianda, miaka ya tisini. Maabara yetu ilikuwa na rafu ya chupa za nyoka waliowekwa kwenye spiriti na walimu wa zamani. Karatasi za majina zilikuwa zimebanduka zote na kuliwa na mende, kwa hiyo nyoka walibaki wamejikunja mle ndani, wamepauka, hawajulikani. Wanafunzi waliniuliza, "Mwalimu, huyu ni gani?" nami nikababaika, na mimi sipendi kubabaika mbele ya watoto. Nikatafuta kitabu. Nikahesabu magamba, nikaangalia macho na midomo, nikawarudishia majina mmoja baada ya mwingine. Nilipowamaliza wa chupani, nikajikuta siwezi tena kupita kando ya nyasi bila kuwatafuta walio hai.

Ikawa ndiyo starehe yangu. Wenzangu Jumamosi walikwenda Mumias kununua vitambaa, mimi navaa gambuti za mume wangu, nimejaza soksi mbili kila mguu ili zinikae, nashika fimbo na kufuata vijito. Sikuwa nawashika. Watu hudhani anayependa nyoka lazima awavae shingoni kama wale wa maonyesho ya kilimo. Mimi nilisimama mbali nikatazama. Moma nilimjua kwa unene wake na ile michoro ya mgongoni, na kwa uvivu wake, maana hakukimbii, anakungoja umkanyage. Swila nilimjua kwa jinsi alivyoinua shingo. Siku moja, ukingoni mwa msitu, nilimwona koboko wa kijani amelala juu ya tawi, mkia wake mweusi ukining'inia. Nilikaa chini mbali naye nikatokwa na machozi kwa furaha. Sumu yake ingeniua kabla sijafika barabarani, nami nilifurahi kama mtu aliyetembelewa na mgeni mkubwa.

Mume wangu alinicheka tu. Nikirudi aliniuliza, "Leo umeonana na nani?" nami nikamtajia. Alipokuwa hai, mambo yangu yaliitwa ya kisomo. Alipokufa yakaitwa mengine.

Tulikuwa tumejenga nyumba ya mabati, yenye sakafu ya simiti, kwa mshahara wangu zaidi ya wake. Ilikuwa kwenye mpaka wa boma, imetazamana na miwa ya shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Shemeji alikuwa na mke, nyumba ya matope na jicho refu. Hata mwaka wa matanga haujaisha, nilimsikia akimwambia mama mkwe, "Mwalimu ako na mshahara, ako na nyumba za shule. Hii nyumba yote anafanyia nini?" Mama mkwe hakumjibu, na mimi nililiona jibu katika kunyamaza kwake.

Sasa nisimulie juu ya moto.

Miwa ya shemeji ilikuwa imekomaa na zamu yake ya kukatwa na kiwanda ilikuwa bado. Kila mtu wa miwa anajua ujanja uliopo. Muwa ukiungua lazima ukatwe upesi kabla sukari haijaharibika, basi aliyechoka kungoja anaweza kuliwashia moto shamba lake mwenyewe, kisha akapiga mayowe kwamba wahuni wamemchomea. Akishikwa ni kosa, na fedha anakatwa. Kwa hiyo hufanywa wakati hakuna macho.

Wakati huo wasio na macho ulikuwa Jumamosi mchana, boma zima limekwenda kuzika ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa nimewahi kutoa rambirambi zangu asubuhi, nikarudi, nikavaa gambuti. Nilikuwa nimesimama kando ya kijito, chini ya miwa yake, nikitafuta moma niliyekuwa nimemwona juma lililopita. Nikamwona shemeji. Alikuwa amebeba kitita cha majani makavu ya miwa yanayowaka, anakipitisha kwenye mistari, taratibu, kama mtu anayewasha mishumaa kanisani. Kisha akakitupa, akazungukia barabarani, na hapo ndipo mayowe yake yalipoanza.

Sikusema kitu. Mambo ya boma hayapelekwi sokoni, na isitoshe nilikuwa mjane, naishi kwa kuvumiliwa. Wakataji walikuja kama alivyotaka, na kila mtu akamsikitikia.

Asubuhi iliyofuata ule moto, mke wa shemeji aliingia jikoni kwake kuchukua kuni. Nilisikia ukelele, nikatoka mbio na birika la maji yaliyopoa ya chai ambayo sikuwahi kutia majani. Alikuwa amepiga magoti mlangoni, viganja machoni, analia kwamba ameingiwa na pilipili. Nilijua mara moja. Ni swila atemaye mate peke yake anayelenga macho ya mtu. Wanawake walikuwa wanataka kumpaka majani waliyotafuna. Niliwasukuma, nikamlaza, nikamfungua kope kwa vidole na kummiminia maji, jicho hili na lile, birika likaisha nikaagiza jingine. Nilimmiminia mpaka magoti yangu yakafa ganzi. Vijana nao wakamtoa nyoka kwenye kuni na kumponda.

Kabla mafuta ya taa hayajaletwa, nilitamka maneno yaliyonimaliza. Nilisema, "Msimchome. Nipeni nimwangalie."

Wakanipa, kwa ncha ya jembe, bila kunisogelea. Kichwa hakikuwepo tena, lakini koo lilikuwepo, na lilikuwa na ule utepe mpana mwekundu-mwekundu. Ni swila wa mate, sikukosea. Nikamgeuza tumbo. Magamba ya tumboni yalikuwa yamebabuka, mengine yamejikunja kwa joto, na jivu jeusi limejaa katikati yake. Nyoka yule alikuwa amekimbia moto akiburura tumbo juu ya makaa, akafika kwenye kuni za watu akitafuta baridi. Nilimtia kwenye ndoo, nikamwagia spiriti ya shule.

Baada ya siku chache mke wa shemeji alikuwa anaona vizuri. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa sababu ya kushukuru. Asante ya punda ni mateke: niliitwa kikao.

Kilifanyika sebuleni kwa mama mkwe. Liguru, yaani mzee wa kijiji, alikaa kwenye kiti cha pekee chenye mto. Kilifunguliwa kwa sala, na aliyeomba alimsihi Mungu akiponde kichwa cha yule nyoka wa zamani, huku akinitazama kwa jicho moja alilosahau kulifumba.

"Hii nyoka haijawahi kuja hapa," shemeji akaanza. "Tangu baba ako hai hatujaona. Imetumwa."

Mama mkwe akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulijuaje dawa ya hayo mate?"

"Nilisoma, Mama."

"Watu wanasomanga Biblia. Wewe unasomanga nyoka."

"Mtu akibeba dawa kabla hajaambiwa ugonjwa," shemeji akasema, "si huyo ndiye mwenye ugonjwa?"

Watu wakaguna kukubali. Nilikuwa nimetarajia hayo, na nilikuwa nimejiandaa. Nilitoka nikaleta ndoo. Wawili walihamia upande wa mlango. Nilimwinua nyoka kwa kijiti, nikamwonyesha liguru tumbo, nikamwonyesha magamba yaliyobabuka na jivu. Nikaeleza polepole, kama ninavyoeleza darasani, kwamba hakutumwa na mtu, alikimbia shamba linaloungua akaingia nyumba iliyo karibu. Liguru hakuwa mjinga. Aliinama, akatazama kwa makini, akatikisa kichwa.

"Huyu kweli ameungua," akasema. "Lakini huo moto ulitoka wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini shemeji alikuwa amekaa pale ameshika Biblia, mke wake kando yake amenikazia macho niliyoyaosha mimi, na hasira ilinipanda nikashindwa kuimeza. Nikasema, "Muulizeni shemeji. Nilimwona kwa macho yangu akiwasha."

Shemeji aliibana Biblia kifuani. Nilimwona liguru akimgeukia, na kwa muda mfupi sana nilidhani nimeshinda.

Ni mama mkwe aliyesema. Hakupandisha sauti. "Ulikuwa wapi ukimuona?"

"Chini ya miwa, Mama, kwenye kijito."

"Siku watu wote wako matanga."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unatafuta nini huko kwenye miwa, peke yako?"

Nililisikia jibu kabla sijalitoa, na sikuwa na jingine. Nimelea watoto wa watu nikiwafundisha wasiseme uongo.

"Nyoka, Mama," nikasema.

Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa leso. Liguru akajiegemeza kwenye mto wake, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Lisemwalo lipo," akasema. Kuhusu moto hakuna aliyeuliza tena, siku ile wala nyingine. Nilimtazama mke wa shemeji, nikangoja aseme walau kwamba nilimwosha. Aliinama akaanza kukunja pindo la gauni lake.

Hawakunipiga, wala hawakunichomea nyumba, na huko kwetu wapo waliofanyiwa hayo. Juma lililofuata nilirudi kutoka shuleni nikakuta mlango wangu una kufuli isiyo yangu. Nguo na vitabu vyangu vilikuwa barazani, vimepangwa vizuri kabisa, gambuti juu yake. Liguru alinieleza kwamba ni kwa ajili ya amani. Nikapata uhamisho, nikapanga chumba mtaa wa Shirere, mbali na boma, kati ya wanafunzi wanaokaanga vitunguu usiku na mchana. Nililia kwa hasira, na hasira ile ilininenepesha. Kila nikila nilikuwa nawatafuna wao.

Miezi ikapita. Siku moja nikafungua mlango, nikamkuta mke wa shemeji amesimama na mfuko wa mahindi mabichi. Nilimkaribisha kwa sababu nililelewa. Alikaa pembeni mwa kitanda. Chai hakuigusa.

"Tulihamia ile nyumba yako," akasema, akiutazama mfuko. "Sasa kuna nyoka kwa dari."

"Wa rangi gani?"

"Kama kahawa. Inatokanga jioni, inatembea juu ya ukuta. Na hapa kwa uso," akachora kwa vidole kutoka puani kupitia jichoni, "iko na mistari, mbili-mbili, nyeupe."

Nilitaka kucheka. Nilimjua yule, nilimjua tangu siku tulizoezeka mabati. Ni nyoka wa nyumba, hana sumu hata ya kuua mjusi, kazi yake ni panya. Marehemu alikuwa akimwita mpangaji.

"Hana sumu," nikamwambia. "Mwacheni. Anawalia panya."

Aliinua macho, na yalikuwa mazima, meupe, hayana hata alama. "Unajuaje na haujamuona?"

"Kwa hiyo mistari."

Aliushika mfuko wake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyehakikishiwa, "Basi ni yako."

Nilifungua mdomo ili nimweleze. Nilikuwa na maelezo yote: meno yake yalivyo, kope asizokuwa nazo, jinsi anavyomkaba panya. Ningeweza kufundisha mpaka chai igande. Lakini nilimtazama mwanamke yule, nikaona kwamba ukweli nilikuwa nimewapa mara mbili, na mara zote mbili walinifungia nao mlango.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wangu."

Mkono wake ukauachia mfuko.

"Nilimwacha anichungie nyumba. Yule wa jikoni alikuwa wa kuonya tu, alitema mate. Huyu hatemi. Mwambie mume wako asimguse, na asilale chini yake." Kisha nikamwambia ukweli mmoja nilioutaka mwenyewe: "Na umwambie kwamba nilimwona na ule moto, na sijasahau."

Aliondoka bila kuaga. Mahindi niliyachemsha nikala.

Hawakumaliza juma mle ndani, wakahama. Ufunguo uliachwa kwa mwenye duka wa Shianda, Mwislamu wa kutoka Matungu, mtu pekee aliyekuwa ameendelea kunisalimu siku zote zile. Nilipopita likizoni aliutoa chini ya mizani. "Asalaam aleikum, mwalimu," akasema. "Kuna kitu chako hapa. Wameniambia nisikuulize." Na hakuniuliza.

Nilirudi nyumbani kwangu. Kikao hakikuitwa tena, na mpaka wa shamba langu hakuna aliyeusogeza. Hakuna pia aliyekula kwangu. Krismasi ile nilichinja ingokho, kuku wetu wa sikukuu, nikasonga obusuma, ugali wa watu wengi, nikaacha mlango wazi toka mchana. Niliwaona wakipita kwenda kwa mama mkwe, wakishika watoto wao mikono, wakikanyaga upande wa pili wa njia. Iliniuma, na sitasema haikuniuma. Nikala paja moja, mengine nikayafunika.

Jioni mpangaji wangu alitoka darini, akafuata ukuta, akapinda nyuma ya kabati. Nyumba yangu haina panya.