Vijiraba Vitatu vya Ufukweni

Ofisini walimwita Jicho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulitazama ziwa kutoka angani. Kila setilaiti ilipopita, yeye ndiye aliyefungua picha, akatafuta kijani kilichozidi na kutoa onyo: hapa mwani una sumu, msinywe, msinyweshe mifugo.

Picha hizo zimegawanyika vijiraba, yaani vipande vidogo vya mraba, na kijiraba kinachogusa nchi kavu hukatwa, maana majani ya ufukweni hufanana na mwani. Kanuni ilisema kata kimoja kutoka ufukweni. Safari ile Jicho alikata vitatu. Mkuu wake alikuwa na wageni, akataka ramani isiyo na madoa ya kuulizwaulizwa. Ikatoka safi kama sahani iliyorambwa! Ghuba nyembamba ya kijijini kwa dada yake ikaenda na mkato.

Wiki haikuisha, dada akapiga simu, kilio kimemkaba.

"Mdogo wangu, ng'ombe wanne! Wamekunywa asubuhi, adhuhuri wako chini. Ni huyu jirani, katia sumu. Keshokutwa tunakaa kikao, ahame."

"Dada, una hakika ni yeye?"

"Nani mwingine? Maji si umesema mwenyewe ni salama? Ramani yako nimeibandika mlangoni!"

Jicho akairudia picha, akaondoa mkato. Ghuba nzima ilikuwa kijani, nzito kama rangi ya kopo. Angenyamaza, nani angejua? Mkuu akapita, akamtania, "Vipi Jicho, umeingiwa na mchanga?" Jicho akazichapa picha mbili, yenye mkato na isiyo na mkato.

Kikaoni alikuta jirani ameketi peke yake, benchi zima limemkimbia. Jicho akasimama, picha mbili mkononi.

"Huyu hana kosa. Sumu ilikuwa kwenye maji, na ilionekana. Mimi ndiye niliyeikata, nimpendeze mkuu wangu."

Dada yake alimtazama kama mgeni. "Wewe? Ulijua?"

"Sikutazama, dada. Na kazi yangu ni kutazama."

Akamgeukia jirani, akamnyooshea mkono. Jirani hakuupokea.

"Siku tatu wanangu hawaitikiwi salamu njiani," alisema. "Ulikuwa wapi?"

Jicho aliomba karatasi, akainama mezani, akaanza kuandika onyo kwa mkono wake, lisomwe kabla mifugo ya jioni haijashuka majini.