Mbuzi wa Siku ya Kuhesabiwa

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi hapa Mount Druitt, pembeni mwa Sydney, tumetoka kanisani, sebule ya Bibi imejaa mpaka watoto wamekaa chini ya meza. Kilichotuleta ni jambo moja: gari la Baba mdogo Fideli liandikwe jina la nani.

Wenye mvi watacheka nikikuita mwanangu. Nina miaka thelathini na ushei tu, na tangu utoto nasemwa kwa kuuliza maswali. Lakini waliopaswa kukusimulia haya wameamua kunyamaza, basi niazime kiti chao kidogo.

Baba mdogo Fideli anamfuata baba yangu kwa kuzaliwa. Polio ilimchukua miguu yote miwili huko Burundi, kabla ya ukoo wetu kukimbilia kambini Tanzania. Hapa Sydney anaishi na Bibi, anapata pensheni ya ulemavu, na ni fundi wa kushona makochi. Kochi lililochanika kama gunia la viazi, akilimaliza unaona aibu kulikalia. Alikuwa amepanga kona katika karakana moja ya Auburn, akishona viti vya mikahawa. Tabu yake ilikuwa njia. Treni humchukua yeye na kiti chake cha magurudumu. Haimchukui na kochi. Kwa miaka mingi alijiwekea akiba anunue gari dogo la mizigo, lenye wenzo wa kuongeza mwendo na kufunga breki unaoshikwa kwa mkono, afuate kazi mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nasoma sheria chuo kikuu, Kensington, na siku hiyo nilikuja na majibu. Nikaeleza kwamba mtu wa pensheni anaruhusiwa kuwa na mali hadi kiwango fulani, na gari lile halikukikaribia. Nikaongeza kwamba mlemavu wa miguu anayenunua gari la kumfikisha kazini anaweza kusamehewa kodi ya manunuzi, mradi awe na cheti cha daktari na anunue yeye mwenyewe, si ndugu yake.

Baba mkubwa Gaspari, kaka yao wa kwanza, mbeba mizigo wa ghalani, alinitazama kwa huruma.

"Mwanasheria wetu huyo! Kesho wakimkata pensheni, utamlisha digrii?"

"Baba mkubwa, hawamkati. Imeandikwa."

"Hata kambini tuliandikiwa kwamba tutarudi nyumbani karibuni."

Kicheko kikajaa sebule. Nami nilicheka, kisha nikamuuliza yeye, nikamuuliza Bibi, hata mchungaji aliyekuja nasi: nani amewahi kukatwa pensheni kwa sababu ya gari?

Ndipo Bibi akatoa hadithi ya mbuzi, ambayo sote tuliijua. Kambini, siku ya kuhesabiwa, wagawa chakula walipita hema kwa hema. Aliyekutwa na mfugo alihesabiwa kuwa anajiweza, akapunguziwa mgao. Hivyo Bibi alimpeleka mbuzi wake kwa jirani, wakaja, wakaandika "hana kitu", tukala unga wote. "Kitu cha mnyonge hulala kwa jirani," Bibi alihitimisha, na wazee wakaitikia kama amesoma neno la Mungu.

Siwacheki, mwanangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa waliumwa sana.

Fideli mwenyewe alikuwa karibu na dirisha, anatoboa tundu kwenye mkanda wa kiti chake. Alisema neno moja tu, "Liwe linaingiza kochi la watu watatu," na watu wakacheka tena. Gari likanunuliwa kwa jina la Gaspari. Kodi ikalipwa yote.

Nisiwe mwongo, mwanzo ulikuwa mtamu. Gaspari hakuwahi kuomba hata ufunguo. Fideli alikishona upya kiti cha dereva kwa kitambaa cha buluu, na Jumapili alipofika kanisani alipiga honi kama bwana harusi. Alianza kupata kazi hadi Penrith. Alianza kusema "mteja wangu".

Kisha Gaspari alianguka ghalani, moyo, na hakuamka tena.

Mwanawe wa pekee, Patriki, alikulia Perth kwa mama yake. Kiswahili anakisikia, hujibu kwa Kiingereza. Baada ya matanga alikusanya vitu vya baba yake, na gari likiwemo. Tulipomwambia ni la Fideli, aliuliza kwa upole kabisa: kama si la baba, kwa nini mliliandika la baba?

Jibu lilikuwepo, sebule nzima ikalimeza. Kulitoa ilikuwa kukiri kwamba tuliificha mali tusionwe na ofisi ya pensheni, mali ambayo hata haikuhitaji kufichwa. Nilifungua mdomo. Bibi akanishika kifundo cha mkono, akaninong'oneza sikioni.

"Wewe, nyamaza! Gari walichukue. Ofisi ikichukua na pensheni, huyu atakula nini?"

Patriki alisubiri. Akaliuza.

Mnunuzi alipokuja, Fideli aliomba jambo moja, aachiwe kitambaa cha kiti cha dereva. Mtu yule akakubali. Fideli akakifumua mwenyewe, taratibu, asichane. Wenzo wa mkono mnunuzi aliung'oa palepale akautupa kwenye majani, hauna kazi kwake.

Nilimsaidia Fideli kukunja kitambaa. Nikasema, kwa ujinga wa msomi, "Nilisema lakini, sheria iliruhusu."

"Hadithi ya mbuzi mnaisimulia nusu," alijibu.

"Nusu nyingine ni ipi?"

"Jirani alihama na mbuzi. Mama angemshtaki wapi? Wangemuuliza mbuzi alitoka wapi."

"Sasa mbona Jumapili ile hukusema?"

Aliendelea kukunja. "Uliuliza maswali sana siku ile. Ulimuuliza kaka, ukamuuliza Mama, ukamuuliza na mchungaji. Mimi uliniuliza nini?"

Ile kona ya Auburn ina mtu mwingine sasa. Kitambaa cha buluu Fideli amekishona juu ya kiti chake cha magurudumu, na wenzo tuliouokota uko dirishani kwa Bibi, unakula kutu. Wateja walipiga simu kwa muda, kisha wakaacha.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulimsikia mkuu, na lililovunjika ni guu la mtu mwingine. Kwa hiyo hata methali, mwanangu, iulize maswali. Lakini ile ya nguo ya kuazima haisitiri matako ishike, maana jina la kuazima nalo ni vivyo hivyo. Ukiwa na ndugu mlemavu, usiipange mali yake bila yeye. Muulize yeye kwanza. Kisha nendeni pamoja ofisini, mchana, mkaulize anachoruhusiwa kumiliki na kodi anayosamehewa, na kitu chake kiandikwe chake. Woga wa wazee uheshimu, ila usiukabidhi ufunguo.

Mungu akupe cha kwako, na akupe ulimi wa kukitaja. Siku atakapokuja wa kuuliza "hiki ni cha nani?", usiwe na haja ya kumtazama jirani.